Moshi na Fimbo: Historia ya Tumbako na Bangi Katika Viwanja vya Shule

Somo: Waefeso 6:1-4

 

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wakuu wa shule wanalijua, wazazi wanalinong'ona, nao watoto wanalificha chini ya godoro. Nalo ni tumbako na bangi katika viwanja vya shule, na hasa shule za kibinafsi na zile zilizo chini ya ulezi wa makanisa yetu. Kila muhula halmashauri za shule hizi hukaa mezani na kuulizwa swali lile lile: kijana amekutwa na sigara, au amekutwa na msokoto wa bangi, je, afukuzwe au abaki? Wengine hupiga meza na kusema afukuzwe leo. Wengine husema ni mtoto wa mshirika wetu, tumfiche. Mara nyingi hukumu hutolewa kwa hasira au kwa upendeleo, na jambo lenyewe halijafikiriwa.

Mtume Paulo, katika somo letu, anaanza kwa kusema na watoto juu ya utii. Lakini hakomi hapo. Mara anawageukia akina baba, akiwaonya wasiwatie watoto uchungu, bali wawakuze katika malezi ya Mungu. Mtu akisoma mistari mitatu ya kwanza na kufunga Biblia yake, amesoma nusu tu ya agizo. Historia nitakayowasimulia leo yaonyesha jinsi watu wazima walivyosoma ile nusu ya kwanza kwa muda mrefu sana, na jinsi walivyochelewa kufika kwenye mstari wa nne.

Mtoto aliyechapwa kwa kutovuta

Na tuanzie mbali kidogo, Uingereza, kwa maana shule zetu nyingi za bweni ziliiga taratibu za huko: mabweni, viranja, kengele, na fimbo pia. Karibu na mji wa Windsor, ng'ambo ya mto Thames, iko shule iitwayo Eton. Mfalme Henry wa Sita aliianzisha mwaka 1440 ili wavulana 70 maskini wasomeshwe bure. Baadaye ikawa shule ya wana wa mabwana. Waingereza huziita shule za namna hii kwa jina lenye maana ya shule za umma, lakini msidanganywe na jina, maana ni za kibinafsi tangu zamani.

Mwaka 1665 tauni kuu iliipiga London. Hesabu za mazishi za mwaka ule zaonyesha kwamba watu 68,596 waliandikwa kuwa wamekufa kwa tauni katika mji ule na viunga vyake. Nyumba zilizoingiwa na ugonjwa zilitiwa alama ya msalaba mwekundu mlangoni. Samuel Pepys, karani wa serikali aliyeandika habari za kila siku, alizipita nyumba za namna hiyo mwezi wa Juni, akaingiwa na hofu hata akanunua tumbako ya kunusa na kutafuna. Hakufanya hivyo kwa anasa. Wakati ule hata waganga wakubwa walidhani ya kuwa tauni huletwa na hewa chafu, na kwamba moshi wa tumbako huifukuza hewa hiyo.

Basi huko Eton walimu walifanya nini? Mwanachuoni mmoja wa Oxford, Thomas Hearne, aliandika katika kumbukumbu zake mwaka 1721 habari aliyokuwa ameisikia kinywani mwa mtu aitwaye Tom Rogers. Rogers alikuwa mwanafunzi wa Eton mwaka ule wa tauni. Alisema kwamba wavulana wote walilazimishwa kuvuta tumbako shuleni kila asubuhi, na kwamba hakuwahi kuchapwa viboko vingi maishani mwake kama asubuhi ile alipokosa kuvuta.

Wapendwa, hebu lifikirieni hilo. Mtoto wa shule amechapwa, tena amechapwa sana, kwa kuwa hakuvuta. Walimu wake hawakuwa watu wabaya. Walimpenda, na walitaka aone mwaka mwingine. Walitumia elimu waliyokuwa nayo, nayo ilikuwa na kasoro. Lakini sikio la kumsikiliza mtoto ambaye kifua chake kilikataa ule moshi halikuwapo. Lililokuwapo ni fimbo.

Wala si kwamba hakuna aliyekuwa ameonya. Miaka 61 kabla ya hapo, mwaka 1604, Mfalme James wa Kwanza, yule yule ambaye Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 huitwa kwa jina lake, alitoa kijitabu cha kuishutumu tumbako kwamba yadhuru ubongo na mapafu. Mwaka ule ule akapandisha ushuru wake kutoka peni 2 kwa ratili hadi shilingi 6 na peni 10. Hata hivyo wavutaji hawakupungua, na hazina ya mfalme ikaonja fedha za ushuru. Mchovya asali hachovyi mara moja. Tangu siku hizo serikali nyingi za dunia zimekuwa zikilaani moshi kwa mkono mmoja na kupokea kodi yake kwa mkono wa pili.

Sigara tano kwa peni moja

Miaka ikapita. Tauni ikasahauliwa, lakini tumbako ikabaki. Kwa muda mrefu ilikuwa kitu cha kiko na ugoro, na kijana wa shule hakuweza kukificha kiko kwa urahisi, wala hakuwa na fedha za kutosha. Jambo lililobadili mambo lilikuwa mashine. Mmarekani James Bonsack alibuni mashine ya kusokota sigara, na mwaka 1883 kampuni ya Wills ya Bristol ikanunua haki ya kuitumia Uingereza. Mwaka 1888 ikatoa sigara iitwayo Woodbine, ambayo iliuzwa tano kwa peni moja. Hapo ndipo sigara ilipoingia mfukoni mwa mtoto, awe wa tajiri au wa mchuuzi wa magazeti.

Shule zilishtuka. Zile zile zilizokuwa na viboko kwa kutojua Kilatini zikaongeza viboko kwa sigara. Mtoto wa mwaka 1665 alichapwa kwa kutovuta; mtoto wa miaka 200 na zaidi baadaye akachapwa kwa kuvuta. Fimbo ilikuwa ile ile, na mara nyingi mkono ulioishika ulikuwa na harufu ya tumbako, kwa maana baada ya adhabu mwalimu alirudi katika chumba cha walimu kuwasha kiko chake. Mtoto alijifunza nini hapo? Alijifunza kwamba moshi si mbaya, ila yeye ndiye mdogo. Basi akawa na hamu ya kuwa mkubwa upesi, na njia iliyo rahisi ya kujiona mkubwa ilikuwa kuwasha sigara nyuma ya choo.

Kisha vikaja vita vya Makaburu Afrika Kusini, kuanzia mwaka 1899 hadi 1902. Vijana wengi wa Uingereza waliojitolea kuwa askari wakakataliwa kwa udhaifu wa mwili. Serikali ikaunda kamati ya kuchunguza kwa nini taifa linadhoofika, na mwaka 1904 kamati hiyo ikashauri, pamoja na mengine mengi, kwamba watoto wasiuziwe tumbako. Ndipo mwaka 1908 Bunge la Uingereza likapitisha Sheria ya Watoto. Sheria hiyo ilikataza kumwuzia sigara mtoto aliyeonekana kuwa chini ya miaka 16, na ilimpa polisi mwenye sare, hata na mlinzi wa bustani za mji, uwezo wa kumnyang'anya mtoto sigara yake barabarani.

Hapo twaona jambo jipya, nalo ni la kukumbukwa. Kwa mara ya kwanza sheria ilimtazama mwuzaji. Aliyetozwa faini alikuwa mtu mzima nyuma ya meza ya duka, naye mtoto alinyang'anywa tu ile sigara. Sheria ilikuwa imeanza kuukaribia mstari wa nne wa somo letu.

Mwaka huo huo wa 1908 Baden-Powell alitoa kitabu chake cha mafundisho ya Skauti, akawashauri wavulana wasivute. Hakuwatisha kwa viboko. Aliwaambia kwamba kijana mwenye nguvu na pumzi nzuri hahitaji moshi ili aonekane mwanamume. Wengi wenu mmefika kaburini kwake kule Nyeri, ambako alizikwa mwezi wa Januari mwaka 1941.

Lakini vita viwili vikuu vya dunia viliwafundisha askari wengi kuvuta, na moshi ukawa kama hewa ya kawaida. Mwaka 1948 wanaume wanane katika kila kumi wa Uingereza walitumia tumbako kwa namna moja au nyingine. Ilikuwa ni elimu ya uganga iliyokuja kuwaamsha watu. Mwaka 1950 waganga Richard Doll na Austin Bradford Hill walitoa matokeo ya uchunguzi wao katika hospitali 20 za London, wakaonyesha kwamba sigara na kansa ya mapafu vinakwenda pamoja. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji, naye akaacha. Mwaka 1951 wakaanza kuwafuata madaktari wa Uingereza, mwaka baada ya mwaka, na baada ya miaka 50 hesabu ikawa hii: mvutaji wa maisha hupoteza, kwa wastani, kama miaka 10 ya kuishi, lakini anayeacha akiwa na umri wa miaka 30 huokoa karibu yote. Nalitaja hilo la mwisho kwa makusudi, kwa sababu kijana wa shule aliyekwisha kuanza yafaa asikie kwamba mlango wa kurudi uko wazi.

Lango la shule ya kibinafsi

Mtu angedhani kwamba baada ya elimu hiyo shule zote zingefunga mlango mara moja. Haikuwa hivyo. Serikali ya Marekani ilitoa ripoti yake kuu juu ya madhara ya sigara tarehe 11 Januari 1964. Hata hivyo, katika miaka ya 1970 bado ziliweko shule za bweni za kibinafsi nchini humo zilizokuwa na chumba maalum cha wanafunzi kuvutia, na mahali pengine mwanafunzi alihitaji tu ruhusa ya mzazi wake. Mwaka 1994 Marekani ikapitisha sheria ya kukataza sigara ndani ya majengo ya shule, lakini sheria hiyo ilizifunga shule zinazopokea fedha za serikali ya taifa. Shule ya kibinafsi isiyopokea fedha hizo haikuguswa nayo.

Uingereza nako mambo yalikwenda vivyo hivyo kwa habari ya fimbo. Ilikatazwa katika shule za serikali mwaka 1987. Katika shule za kibinafsi za Uingereza na Wales haikukatazwa mpaka mwaka 1999. Kwa miaka 12 mtoto wa maskini alilindwa na sheria, na mtoto ambaye wazazi wake walilipa karo kubwa hakulindwa.

Kwa nini? Kwa sababu shule ya kibinafsi ina lango, na nyuma ya lango kuna watu wasemao: hapa ni petu, tunajua wenyewe tunavyowalea wetu. Kuna wema katika neno hilo. Shule ya Kanisa yaweza kuweka maadili ambayo serikali haiwezi kuyaagiza. Lakini lango hilo hilo laweza kuficha uovu, na laweza kuifanya halmashauri idhani kwamba jina jema la shule lina thamani kuliko mtoto mmoja.

Hapa kwetu Kenya, Bunge lilipitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbako mwaka 2007, ikaanza kutumika mwaka 2008, baada ya nchi yetu kuridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani mwaka 2004. Sheria hiyo inakataza kuvuta katika mahali pa elimu, na tena katika mahali pa ibada, bila kuuliza kama ni pa serikali, pa Kanisa, au pa mtu binafsi. Inakataza kumwuzia tumbako mtu aliye chini ya miaka 18. Inakataza pia kuuza sigara moja moja, maana yapasa pakiti iwe na sigara zisizopungua 10. Nanyi mnajua kwamba kile kibanda kilicho mbele ya lango la shule huuza hiyo moja moja mchana kweupe, pamoja na peremende za kuondoa harufu.

Angalieni, wapendwa: katazo la kuvuta shuleni halisemi mwanafunzi asivute. Lasema mtu yeyote asivute. Yaani mwalimu, mpishi, dereva wa basi, mjumbe wa halmashauri, na mzazi aliyekuja siku ya kutembelea watoto. Hata kasisi na askofu wamo. Miaka mingi shule zetu zilikuwa na kanuni ya mtoto na desturi ya mkubwa. Sheria ya mwaka 2007 imezifanya kuwa kanuni moja, na hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote niliyosimulia.

Habari ya bangi

Sasa tugeukie bangi, ambayo historia yake ni tofauti. Tumbako ni mgeni kwetu. Ilitoka Amerika, ikaletwa na mabaharia wa Ulaya baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492, na jina lake tumelipata kwa Wareno. Bangi ilitangulia. Jina lenyewe ni la Kihindi, na mmea ulikuja kwa njia za biashara za Bahari ya Hindi. Katika pango moja nchini Ethiopia wachimbuzi walipata vichwa vya viko vya udongo vyenye mabaki ya bangi, vikakadiriwa kuwa vya karne ya 14. Kwa hiyo asemaye kwamba bangi ililetwa na Wazungu hasemi kweli, na asemaye kwamba babu zetu wote waliivuta hasemi kweli vile vile.

Mmea huo huo, aina isiyo na ulevi mwingi, umetumika kwa nyuzi za kamba na matanga. Mwaka 1533 Mfalme Henry wa Nane aliwaamuru wakulima wa Uingereza watenge sehemu ya mashamba yao, robo eka kwa kila eka 60, wapande katani hiyo au kitani. Huko India serikali ya Kiingereza iliitoza bangi kodi, na tume yake ya mwaka 1893 na 1894 ikashauri isipigwe marufuku kabisa. Baadaye, mwaka 1925, mkutano wa mataifa huko Geneva ukaitia bangi katika orodha ya dawa za kudhibitiwa, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 ukakaza zaidi. Hapa Kenya sheria kuu ni ile ya mwaka 1994 juu ya dawa za kulevya, na adhabu zake si za mchezo.

Hapo ndipo ugumu wa shule unapozidi. Kijana akikutwa na sigara, ni kosa la shule. Akikutwa na bangi, ni jambo la mahakama. Kwa Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, mtoto aliyetimiza miaka 12 aweza kushtakiwa kwa jinai. Mwalimu mkuu anajua ya kuwa akipiga simu moja, mtoto wa kidato cha pili aweza kulala katika seli. Akikaa kimya, bweni zima laweza kuharibika. Tena siku hizi bangi haiji kwa moshi peke yake. Huokwa ndani ya keki na biskuti, mtoto akala bila kujua kipimo. Nayo tumbako haiji kwa sigara peke yake. Iko nikotini ya vifuko vidogo vya kuwekwa chini ya mdomo, isiyo na moshi wala harufu.

Hata mataifa makubwa yamejikwaa hapo. Marekani, kwa sheria ya kilimo ya mwaka 2018, iliruhusu katani yenye kileo kisichozidi asilimia 0.3 kwa uzito. Ilikusudiwa kuwasaidia wakulima. Muda si muda madukani pakajaa peremende zilizotengenezwa kwa katani hiyo, zenye nguvu ya kulevya, na shule zikashindwa kujua ni kipi halali na ni kipi haramu. Mwezi wa Novemba mwaka 2025 Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kuubana mwanya huo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Watoto wanne wa Krugersdorp

Nataka niwape kisa kimoja cha Afrika, kwa maana kinafaa sana kwa halmashauri zetu. Huko Afrika Kusini, mwaka 2018, Mahakama ya Katiba iliamua kwamba mtu mzima anayetumia bangi faraghani hatendi jinai. Mtoto hakuingizwa katika ruhusa hiyo. Ikatokea kwamba watoto wanne walipimwa shuleni, wakaonekana kuwa na bangi mwilini. Wakafikishwa mbele ya hakimu wa Krugersdorp. Wakawekwa katika mpango wa kuwarekebisha nje ya kesi, na walipokosa kuyatimiza masharti yake, wakaamriwa kwenda kukaa katika vituo vya kulelea watoto, mbali na nyumbani.

Sasa tazameni jinsi mambo yalivyogeuka. Jambo ambalo mzee wa miaka 40 angelifanya nyumbani kwake bila kuitwa mahakamani, mtoto alilitendewa kama mhalifu. Shauri likapelekwa juu. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2020, na Mahakama ya Katiba ikathibitisha mwezi wa Septemba 2022, kwamba si haki kumfanya mtoto mhalifu kwa kutumia au kukutwa na bangi. Majaji hawakusema kwamba bangi ni njema kwa mtoto. Walisema kwamba mtoto huyo anahitaji msaada wa jamii na wa afya, na kwamba mtu mzima anayempa mtoto bangi bado aweza kushtakiwa.

Sheria ya Kenya si hiyo, wala siwaombi muivunje sheria yetu. Lakini hata sheria yetu ya Elimu ya mwaka 2013 imeweka breki mkononi mwa wenye kupenda kufukuza. Inataka mtoto mkaidi aondolewe tu baada ya njia nyingine zote za kumrekebisha kwisha kujaribiwa, na baada ya yeye na mzazi wake kusikilizwa, tena apelekwe mahali pa kumrekebisha, asitupwe njiani. Halmashauri inayomfukuza kijana jioni ile ile, kabla mama yake hajafika kutoka shambani, haijaifuata.

Basi tufanye nini?

Nawasihi walio katika halmashauri za shule zetu wayafikirie mambo manne.

Kwanza, kanuni ya uwanja iwe moja kwa wote. Andikeni langoni kwamba hapa havutwi, na mlinzi apewe ruhusa ya kumwambia hata mjumbe wa halmashauri azime sigara yake. Mtoto akiona hivyo mara moja, amefundishwa kuliko kwa hotuba kumi.

Pili, aulizwe mwenye kuuza. Kila msokoto unaopatikana bwenini umepita mkononi mwa mtu mzima: mwenye kibanda, mfanyakazi wa shule, au jamaa wa nyumbani. Mara nyingi twamfukuza mtoto aliyenunua na kuendelea kumnunulia mkate mtu aliyemwuzia. Waingereza waliliona hilo mwaka 1908. Sisi tunangoja nini?

Tatu, watoto waelezwe sababu. Mtoto wa Eton aliambiwa vuta, akachapwa. Wajukuu wake waliambiwa usivute, wakachapwa. Hakuna aliyeketi nao akawaeleza. Katika nchi yetu fimbo iliondolewa shuleni mwaka 2001, na wengine wanalia kwamba hatuna tena cha kutumia. Tunacho: tuna ukweli. Waambieni juu ya miaka 10 ya maisha. Waambieni kwamba nikotini hukamata upesi, na kwamba ubongo wa kijana ungali unajengwa, nayo bangi huudhuru. Mleteni muuguzi wa zahanati azungumze nao. Mleteni mzee aliyeacha, naye aseme jinsi ilivyomgharimu.

Nne, anayeanguka ashikwe mkono. Bwana wetu alisimulia habari za mchungaji aliyewaacha kondoo 99 akamtafuta mmoja aliyepotea. Mkuu wa shule aweza kuniambia, Kasisi, mimi nina 600 wa kuwalinda. Kweli, walindwe. Mwenye kuuza bangi bwenini atenganishwe na wenzake. Lakini kumtenga mtoto ili atibiwe ni jambo moja, na kumtupa ili jina la shule libaki safi ni jambo lingine. Kijana aliyefukuzwa kwa sababu ya bangi huenda wapi siku ile? Huenda kwa wale walio tayari kumpokea, nao ni wale wale waliompa.

Ndiyo sababu jambo hili si dogo. Katika karne tatu na nusu tangu ile asubuhi ya Eton, elimu juu ya moshi imegeuka kabisa, na sheria zimegeuka pamoja nayo. Kilichochelewa kugeuka ni mkono wa mtu mzima. Anayeketi katika halmashauri wiki ijayo, na jina la mtoto likaletwa mbele yake, na ausome mstari wa nne kabla ya kuinua mkono wa kupiga kura.

Na tuombe. Ee Bwana, wape walimu wetu hekima, wape wazazi wetu mfano mwema, na watoto walioanza njia hii uwarudishe nyumbani wakiwa wazima. Amina.

Kwaherini, na Mungu awabariki.